Shemeji Asiyekula Pongo

"Mgeni, unakula kila kitu?"

Rozalia aliuliza vile kwa sababu Tanangozi ndivyo wanavyouliza. Huwezi tu kumwekea mtu chakula mbele, kumbe ukoo wao walishakikataa kile kitu tangu enzi za mababu. Utamtia mtu aibu, na wewe utaaibika zaidi. Mgeni mwenyewe alikuwa kijana safi, suruali ya bugaluu inafagia sakafu, viatu vya raizoni vya soli nene miguuni na nywele zimechanwa kwenda nyuma. Aliweka sanduku lake la mbao chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kila kitu, dada. Ila pongo tu. Pongo kwetu hatugusi."

Heh! Crispin, mume wa Rozalia, seremala wa misheni, alikuwa anakunywa uji, akabaki na kikombe hewani. Mama yake, bibi Apolonia, akaacha kuchambua maharage. Maana ukoo wa Crispin hawali pongo! Yule mnyama wa porini mwenye madoa mgongoni, hata akipita njiani wao wanageuza uso. Na kwa Wahehe, mtu anayekataa nyama unayoikataa wewe huyo si mtu baki. Huyo ni damu.

"Umesema pongo?" Apolonia akauliza.

"Pongo, mama. Baba alinikataza kabla hajafa. Alikwenda Tanga kwenye mkonge akiwa kijana, akafia huko. Ndiyo maana Kihehe changu kibovu. Naitwa Marcelino."

Bibi alishasimama. Shemeji yake mwenyewe, mdogo wa marehemu mumewe, alikwenda mkonge na hakurudi. Akamshika Marcelino mashavu kwa mikono yote miwili, machozi tayari. "Mwanangu. Mwanangu! Crispin, huyu si mdogo wako huyu?"

Crispin akalia. Mwanaume mzima, mikono imejaa gundi. Baridi ya Tanangozi unaijua, na mgeni alikuwa na shati tu, basi Crispin akavua koti lake la kaki, lile la kanisani, akamvalisha. Hapo ndipo yule kijana akakumbuka kilichomleta.

"Kwani nyie hamjawahi kulipwa kwa kutazama?" akauliza.

Lile sanduku lilikuwa na tundu la kioo mbele na mkono wa chuma pembeni. Ukiweka jicho na kuzungusha ule mkono, unaona picha. Mzungu anatabasamu na mche wa sabuni. Zungusha tena, friji imejaa soda. Zungusha, viatu. Rozalia alizungusha mpaka picha zikaisha, na alipoinua kichwa Marcelino akamwekea shilingi kiganjani. Shilingi kweli, ya chuma!

"Ya nini?"

"Ya kutazama, shemeji. Kampuni zinataka watu watazame matangazo. Zinamlipa bosi wangu Mbeya, bosi ananilipa mimi, mimi nawalipa nyie. Ila hii ya leo ni ya kuonja. Kazi yenyewe inatakiwa kadi ya uanachama, shilingi ishirini. Ukitazama mara moja natoboa kadi yako tundu moja. Kadi ikijaa unachukua shilingi hamsini. Inajaa kwa mwezi tu."

"Kwa hiyo nilipe ndio nilipwe?"

Marcelino akacheka kwa upole sana. "Kwa wengine ningesema sawa, uliza. Lakini wewe ni mke wa kaka yangu."

Crispin akamkata jicho mkewe. Bibi naye akamkata jicho. Rozalia akaingia chumbani, akatoa ile hela ya mbolea.

*

Kadi ya Rozalia ilijaa kabla ya Krismasi. Akaiweka mbele ya shemeji, anatabasamu, ameshajisemea moyoni hamsini yote inakwenda wapi na wapi.

"Safi kabisa," Marcelino akasema. "Sasa bado wanachama kumi."

"Wanachama gani?"

"Ofisi haifungui malipo kwa mtu mmoja, shemeji. Hasara. Wanafungua kwa kikundi. Nyie si mna kikundi chenu cha mgowe?"

Walikuwa nacho, wanawake kumi na yeye Rozalia, kiongozi wao. Siku ya mgowe mwenye zamu anapika pombe, wenzake wanakuja na majembe, shamba zima linapaliliwa kabla jua halijawa kali, halafu wanakunywa, wanaimba na kusengenyana. Mwanamke asiye na mgowe Tanangozi atalima peke yake mpaka mgongo ukatike, na bado majani yatamshinda. Mwaka uliokuwa umeisha watu walikuwa wamekula unga wa yanga, ule wa njano wa msaada unaonuka gunia. Hakuna aliyetaka kuuona tena. Rozalia na Crispin walikuwa wamepanda ekari mbili kwa kila walichonacho, na zamu yao ilikuwa mwisho wa Januari.

Basi Rozalia akaenda nyumba kwa nyumba.

"Una uhakika?" akauliza Juliana, mjane wa jirani, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Ni shemeji yangu, Juliana. Mtoto wa baba mdogo wa Crispin. Utamdai risiti mtu wa damu?"

Juliana akauza debe la mahindi ya kula. Leokadia akakopa kwa mjomba wake. Wengine wakatoa hela wanakojua wenyewe. Kila Jumamosi wakajipanga uani kwa Rozalia, jicho moja limefumbwa, jingine kwenye tundu, wanacheka kama wasichana wa bweni. Kazini nako Crispin hakukaa kimya. "Mdogo wangu," akiwaambia mafundi wenzake, "yule wa matangazo." Wakaanza kumwita mzee wa matangazo, na yeye akapenda.

Wanachama walipotimia kumi, Marcelino akasema lazima kadi zote kumi zijae kwanza. Halafu akasema anakwenda Mbeya kuleta malipo, arudi Jumamosi. Jumamosi ikapita. Nyingine ikapita.

"Njia mbaya," Crispin akasema.

"Njia ya lami hiyo, Crispin. Mbaya wapi?"

*

Yote yakafumuka kwenye foleni ya sabuni.

Duka lilikuwa limetangaza kuna sabuni, na wanawake walikuwa pale tangu alfajiri, mawe na vikapu vimewekwa kushika nafasi. Jua likapanda. Mwenye duka akatoka, akainua mikono. Imekwisha. Katoni moja tu ilikuja.

"Aa, mimi ninayo," Leokadia akasema kwa sauti. "Kila Jumamosi naitazama kwenye sanduku. Shuka langu bado jeusi!"

Foleni ikacheka. Rozalia naye akacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Leokadia mwenyewe alikuwa ameshaacha kucheka, anawaza.

"Hivi," akasema polepole, "sabuni haipo. Inapigiwa foleni. Mwenye kiwanda ana shida gani mpaka anilipe mimi niitazame? Si angeileta tu tukamlipa sisi?"

Ndipo Juliana akamgeukia Rozalia. "Shemeji yako hajarudi?"

"Atarudi."

"Maana na mimi ananihusu." Juliana alikuwa anachora chini kwa kidole cha mguu. "Alinikataza nisikwambie. Siku ile ya Noeli alipita kwangu, nikamuuliza kama anakula kila kitu. Akasema kila kitu ila maini. Akina marehemu mume wangu si hawali maini? Akasema basi mimi ni shemeji yake wa kweli, ataniongezea ishirini, nisiwaambie nyie mtaona wivu."

"Maini?" Rozalia akasema. "Marcelino amekula maini kwangu. Mara mbili!"

"Kwangu alikataa sungura," akasema Leokadia.

Jamani! Foleni yote ikageuka. Mmoja akasema kwake kijana alikataa kwale. Mwingine akaziba mdomo kwa ukingo wa kitenge, akaanza kutetemeka, na watu hawakujua kama analia au anacheka. Kila mmoja alikuwa na shemeji wake wa siri. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa nyongeza asiyotakiwa kuisema. Na miko ya kila nyumba pale kijijini haina ugumu kuijua, unakaa kilabuni tu, unamnunulia mlevi kopo la ulanzi, anakutajia yote.

"Twende kwa balozi wa nyumba kumi," mtu akasema.

"Balozi naye ana kadi," akajibu Leokadia.

Walicheka tena, kicheko kibaya, halafu macho yote yakatua kwa Rozalia. Wao walidanganywa kila mmoja kivyake, sawa. Lakini aliyepita milangoni mwao akisema "ni shemeji yangu" alikuwa mmoja.

"Mgowe wako lini?" Juliana akauliza. Hakumtazama.

"Alhamisi ijayo. Nimeshaloweka kimea cha pombe."

"Haya," Juliana akasema, akachukua kikapu chake kitupu, akaondoka. Wengine wakamfuata. Rozalia akabaki na mwenye duka.

*

"Mnamsingizia," akasema Apolonia. "Yule hali pongo."

"Mama, hali pongo kwako! Kwa Juliana hali maini!"

"Labda na maini hali."

Crispin alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinama. "Mimi nilisema nini kazini? Nitawaambia nini?"

"Wewe unawaza kazini?" Rozalia akamgeukia. "Magugu yamefika goti! Wale wasipokuja Alhamisi, mwaka huu tunakula nini? Hayo matangazo?"

"Ulimpa wewe hela."

"Ulinikata jicho wewe na mama yako!"

Bibi akanyanyua sinia la maharage, akatoka nje. Rozalia akakamata kuku wawili waliokuwa wanataga, akawafunga miguu, akawauza kwa wasafiri pale barabarani, akapanda basi la Mbeya akiwa na kitenge kile kile alichopigia foleni.

Njia nzima hakutulia. Alikaa dirishani, akahama. Makambako akashuka akanunua mahindi ya kuchoma, hakuyala. Abiria wa pembeni akamuuliza kama ana mgonjwa. "Ninaye," akasema.

Mbeya alilala kwa masista. Asubuhi akatafuta ile ofisi aliyokuwa akiitaja Marcelino, nyuma ya soko, jengo la kijani. Jengo la kijani lilikuwepo. Wanasaga karanga.

"Matangazo?" msaga karanga akamtazama toka juu mpaka chini. "Na wewe ulitazama picha? Wewe ni wa tatu wiki hii. Nenda Mbalizi, leo siku ya gulio. Mtu mwenye sanduku hawezi kukosa gulio."

*

Alimwona kwa koti. Koti la Crispin la kaki, kiwiko kimeshonwa kwa uzi mwekundu, limekaa kwenye benchi la mgahawa pembeni ya soko la Mbalizi, linakula ndizi kwa nyama. Sanduku lilikuwa mezani. Mbele yake alikaa mfanyabiashara wa mchele, mnene, vumbi la pumba za Ubaruku bado liko kwenye nyusi. Watu watano sita walikuwa wamesimama nyuma, noti mkononi, wanasubiri huyo tajiri aanze.

"...kwa hiyo mama yangu mzaa mama ni wa Tukuyu kabisa, ndugu yangu Asukile," Marcelino alikuwa anasema. "Ndiyo maana mimi na nyama ya mbogo, hapana. Kwetu hatuli."

"Hata sisi!" Asukile akapiga meza. "Hata sisi, bwana!"

Rozalia akasimama pembeni ya meza.

"Shemeji," akasema. "Leo hatuli nini?"

Mtu mwingine angekabwa na ndizi. Marcelino akainuka, akafungua mikono. "Shemeji! Karibu, karibu! Kaka Asukile, huyu ni mke wa kaka yangu wa Iringa, mwanachama wa kwanza. Ngoja nimsalimie." Akamshika mkono, akamvuta hatua chache mpaka kwenye magunia, na sauti ikabadilika.

"Umekuja na nani?"

"Hela zetu."

"Sikiliza, shemeji."

"Mimi si shemeji yako."

"Sikiliza basi, mama. Ya kwako nakurudishia, tena mara mbili." Noti mbili za ishirini zilikuwa zimeshaingia kiganjani mwa Rozalia, hakuona hata zimetoka wapi. "Rudi, waambie ofisi umeiona. Ghorofa, makarani, kila kitu. Waambie malipo mwezi wa tatu. Watakuamini, na wataendelea na shughuli zao na wewe. Ukisema ni uongo, kwamba wamelizwa, nani atakanyaga kwako tena? Mimi? Mimi sitakuwepo. Utabaki wewe."

Na hapo alisema kweli, mwizi yule. Rozalia aliziona zile ekari mbili. Aliona wanawake kumi wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka. Neno moja tu alihitaji. Ghorofa. Hata wao wangependa kulisikia. Mpaka mwezi wa tatu mahindi yangekuwa yameshabeba, baada ya hapo liwalo na liwe.

"Dada!" Asukile akaita kule mezani. Noti zake zilikuwa zimeshatoka mfukoni, rundo, hakuwa amezileta ishirini tu. "Wewe unamfahamu huyu bwana? Maana nataka kumlipia familia yote. Ni mtu wa kweli?"

Wale waliosimama wakageuka pia. Kulikuwa na mama mmoja kati yao, noti yake ameikunja ndogo sana, ameibana kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mdudu. Juliana alivyoleta ile ya debe la mahindi aliishika vile vile.

"Namfahamu," Rozalia akasema. "Kwetu ana mashemeji kumi na mmoja. Kwa mmoja hali pongo, kwa mmoja hali maini, kwa mwingine sungura. Wote tulimpa hela. Hakuna aliyelipwa. Hata hilo koti ni la mume wangu."

Asukile hakuuliza la pili. Akanyanyua sahani ya nyama, akamfuata nayo Marcelino kwenye magunia. "Kula nyama ya mbogo, wewe! Mama, mletee mbogo!" Lakini mtu wa kula hakuwepo tena. Marcelino alikuwa ameruka magunia, raizoni moja imebaki nyuma, anakimbilia lori la kwenda Tunduma lililokuwa linaanza kuondoka. Akadaka bodi. Watu wakapiga kelele, vijana wakakimbia nalo mpaka mteremkoni, lori likawaacha. Koti la Crispin likapepea nyuma, likapotea.

Lile sanduku walilivunja pale pale. Ndani kulikuwa na kurasa za kalenda ya zamani, zimebandikwa kwenye kijiti kwa ugali.

*

Alishuka Tanangozi jioni ya pili yake. Walikuwa wanamsubiri barabarani, wote kumi, kama msiba.

"Umeiona ofisi?" Leokadia akauliza.

"Hakuna ofisi. Wanasaga karanga."

"Na yeye?"

"Nimemwona. Amekimbia na lori. Hii ndiyo aliyonipa, alitaka nije niwadanganye." Akaziweka zile noti mbili juu ya kikapu cha Juliana. "Gaweni. Mimi sichukui."

Wakagawa. Hesabu haikuwa ngumu, shilingi nne nne, na mtu mmoja akaenda dukani kuvunja. Hakuna aliyesema asante. Juliana aliifunga yake kwenye ncha ya kitenge, akakaza fundo kwa meno.

"Nne katika ishirini," akasema. "Zilizobaki utarudisha kwa jembe. Zamu yako inakwenda mwisho. Kwanza kwangu, halafu kwa Leokadia, halafu kwa wote. Ukimaliza kumi, ndio tunakuja kwako."

"Juliana. Nikimaliza kumi yangu yatakuwa yamekufa."

"Ningekula nini mimi, Rozalia? Niliuza debe la kula." Akajitwika kikapu chake. "Hatujakufukuza. Ungesema ghorofa, ningekufukuza siku nitakayojua."

Crispin alipoambiwa hakugomba. Aliuliza tu, "Na koti?"

"Tunduma."

"Mafundi watanicheka."

"Watakucheka," Rozalia akasema. "Ile pombe ya mgowe wetu ikiiva, mimina kwenye madumu. Tutaipeleka kwa Juliana."

*

Alhamisi walikuwa kwa Juliana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo ulinata kwenye majembe. Hakuna aliyeimba. Rozalia aliwekwa mstari wa kwanza, wa pembeni, unaopakana na shamba lake, na hakujua kama walifanya makusudi. Palikuwa na mtaro tu katikati. Upande huu majani yalikuwa yanalazwa chini, mahindi yanabaki yamesimama wazi, yanapumua. Upande wa pili mahindi yake yalikuwa yamezama, majani ya chini yameshaanza kuwa ya njano.

Na katikati ya ule msitu alikuwemo mtu. Apolonia. Peke yake, ameinama, kijembe cha mpini mfupi. Alikuwa amesafisha kama eneo la mkeka mmoja. Kila akipiga mara tatu, anasimama, anashika kiuno, anatazama mbele kulikobaki, anainama tena.

Rozalia akasimama.

"Mstari, Rozalia," Leokadia akasema nyuma yake.

"Ni bibi yule. Ataanguka."

"Nimemwona."

Rozalia akageuka kwa Juliana. Huyo alikuwa hatua chache nyuma, jasho linamdondoka puani. Naye alikuwa amesimama, anatazama ng'ambo ya mtaro. Halafu akatema mate kwenye viganja, akashika mpini.

"Mimi sijasema kitu," akasema. "Zamu ni zamu. Limeni."

Akainama, akaanza. Jembe lake likashuka kwa kasi ambayo hawajawahi kumwona nayo, hata kwenye shamba lake mwenyewe. Likapita mashina mawili, matatu, sita. Leokadia akamtazama, akatazama jua bado liko chini na magugu ya ng'ambo ya mtaro, akakaza kitenge kiunoni na yeye akaongeza. Mstari wote ukaanza kukimbia. Matope yakaruka. Mtu akamkanyaga mwenzake, wakatukanana bila kusimama.

"Wewe, mke wa mzee wa matangazo!" Juliana akafoka, pumzi juu. "Unatuchelewesha! Au unatazama ukitegemea utalipwa?"

Rozalia akainama, akapiga jembe.